Gigabaiti 228 kwa Kompyuta ya Gigabaiti 8

Setilaiti za Sentinel-2 hupita juu ya Kanda ya Ziwa majira ya saa tano asubuhi, kilomita 786 kutoka ardhini, zikitelemka kutoka kaskazini kwenda kusini. Ya kwanza ilirushwa Juni 2015, ya pili Machi 2017, na tangu ziwe mbili hakuna pembe ya Geita wala Shinyanga inayopitisha zaidi ya siku tano bila kupigwa picha. Zinaona mashimo ya wazi ya Mgodi wa Dhahabu wa Geita, mabwawa ya majitope ya mgodi wa Bulyanhulu, mwamba wa almasi wa Mwadui wenye hekta 146, mashamba ya pamba na mpunga, na mabaka ya udongo yanayochomoza porini kila wachimbaji wadogo wanaposikia kwamba kuna rashi, yaani dhahabu mpya ya kukimbilia, mahali fulani. Duara lenyewe, yaani shimo la mchimbaji, lenye upana wa mita moja au mbili, halionekani, kwa sababu kila nukta ya picha hubeba mraba wa mita 10 kwa 10. Kinachoonekana ni vifusi, maturubai, madimbwi ya kuoshea mawe, na msitu uliopungua kwa sababu miti imekatwa iwe matimba.

Picha hizi hutolewa bure. Ofisa ardhi wa halmashauri, mwanafunzi wa jiografia au mwandishi wa habari aliyeko Kahama ana haki nazo sawa na mtafiti wa Paris. Taabu huanza pale anapotaka kuzitumia zote. Mikoa ya Geita na Shinyanga kwa pamoja ina takribani kilomita za mraba 39,000. Kila kilomita ya mraba ina nukta, yaani pikseli, 10,000, kwa hiyo mikoa miwili ni pikseli milioni 390. Setilaiti hupima rangi nne kwa kiwango hicho cha mita 10: buluu, kijani, nyekundu, na infraredi, ambayo jicho la mtu haliioni lakini majani mabichi huiakisi kwa nguvu. Kila kipimo huchukua baiti mbili. Mpito mmoja basi ni gigabaiti 3.1, na kwa kuwa mwaka una mipito 73, picha za mwaka ni takribani gigabaiti 228. Kompyuta mpakato ya kawaida ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, na sehemu ya hizo imekwisha kuchukuliwa na mfumo endeshi na kivinjari kilichoachwa wazi.

Hata mpito mmoja unatosha kuiangusha. Programu nyingi za takwimu zikisoma namba ya baiti mbili huigeuza kuwa namba ya desimali ya baiti nane ili hesabu isipoteze usahihi. Hazimwambii mtumiaji. Zile gigabaiti 3.1 zinakuwa 12.5. Kompyuta haikatai palepale, na hapo ndipo inapompotezea mtu muda: huanza kuhamishia kwenye diski kile kilichozidi, ikitoa ukurasa mmoja wa kumbukumbu ili uingie mwingine, kisha kuurudisha wa kwanza kwa sababu sasa unahitajika tena. Kumbukumbu hujibu ombi ndani ya nanosekunde 100 hivi. Diski ya kuzunguka huchukua milisekunde 10, yaani muda mrefu zaidi mara 100,000. Diski mpya zisizozunguka zimepunguza pengo hilo hadi kufikia mara 1,000, na bado ni pengo kubwa. Kishale kinaganda, feni inavuma, na mwisho programu inajifunga bila jibu.

Ushauri wa kwanza ambao mtu hupewa ni kununua kompyuta kubwa zaidi. Ni ushauri dhaifu. Atakayepata kompyuta ya gigabaiti 64 bado hataingiza mwaka mmoja, na akitaka kulinganisha miaka minane atakuwa na gigabaiti zaidi ya 1,800 mkononi. Swali linalofaa kuulizwa kabla ya kufungua pochi ni hili: je, hesabu yenyewe inahitaji kuziona data zote kwa wakati mmoja? Mara nyingi mno haihitaji, na mtu aliyezoea kuuliza swali hilo anaweza kufanya kazi kubwa kwa chombo kidogo. Kwa ofisi za wilaya zenye kompyuta moja au mbili, hilo si jambo la anasa. Ndilo linaloamua kama ardhi ya wilaya itapimwa na watu wake au itasubiri ripoti kutoka mbali.

Wachenjuaji wa Geita wanaifahamu kanuni hiyo kwa mikono yao. Lundo la mawe lililopandishwa kutoka maduarani linaweza kuwa la tani nyingi, lakini karasha, mashine ya kusaga mawe, hulishwa beleshi baada ya beleshi. Unga unapita na maji juu ya mazulia ya mwalo, dhahabu kwa uzito wake inanasa kwenye nyuzi, na marudio, yaani mchanga uliobaki, yanakwenda zake. Hakuna anayehitaji karasha lenye ukubwa wa lundo. Data nazo zinaweza kupitishwa hivyo: kipande kinaingia kwenye kumbukumbu, kinaacha kile kinachotakiwa, kinatoka, kinafuata kingine.

Mbinu hiyo ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1890 Marekani ilihesabu watu wake, takribani milioni 63, kwa mashine za Herman Hollerith. Idadi hiyo inakaribiana mno na Watanzania 61,741,120 waliohesabiwa katika Sensa ya 2022. Kila mtu alikuwa na kadi yake iliyotobolewa matundu ya jinsia, umri, mahali alipozaliwa na mengineyo. Karani aliibana kadi kwenye mashine, sindano zikapenya palipo na tundu na kuchovya kwenye vikombe vidogo vya zebaki, umeme ukapita, na mshale wa saa husika ukasogea hatua moja. Mashine ilikuwa na saa 40 za kuhesabia na haikukumbuka kadi hata moja. Mamilioni ya watu yalipita ndani yake, na kilichobaki ni namba 40. Zebaki ile ile ambayo leo hutumika kukamatia dhahabu kwenye makarai ya Geita, na kuwadhuru wanaoishika, ndiyo iliyokamatisha umeme wa hesabu ya kwanza ya data kubwa.

Jumla, idadi, kubwa kuliko zote, ndogo kuliko zote: hizi zote huhesabika kwa kupitisha. Wastani pia, kwa sababu ni jumla iliyogawanywa kwa idadi. Mtawanyiko, yaani jinsi vipimo vinavyoachana na wastani, huonekana kuhitaji mzunguko wa pili, kwa kuwa mtu angedhani ni lazima kwanza aujue wastani ndipo apime umbali wa kila namba. Mwaka 1962 B. P. Welford alichapisha njia ya kuupata kwa mzunguko mmoja: kila namba mpya ikiingia, wastani unarekebishwa kidogo na mtawanyiko unarekebishwa kidogo, na namba inaachwa iende. Kinachokaa kwenye kumbukumbu ni namba tatu, hata kama zilizopita ni bilioni.

Mawingu ndiyo yanayoharibu raha hiyo. Kuanzia mvua za Oktoba hadi Mei anga la Kanda ya Ziwa hufungwa mara kwa mara, na wingu kwenye picha ni jeupe kupindukia. Anayetafuta rangi halisi ya ardhi ya Nyarugusu, huko Geita, kwa kuchukua wastani wa mipito yote 73 atapata ardhi iliyopauka, maana kila wingu limevuta wastani juu. Wataalamu hupendelea thamani ya katikati: vipimo vyote vya pikseli moja vinapangwa kuanzia kidogo hadi kikubwa, kisha kinachukuliwa cha katikati. Mawingu yanakusanyika upande mmoja wa foleni, na almradi siku za mawingu ni chini ya nusu, kipimo cha katikati hakiwi cha wingu. Lakini thamani ya katikati haipatikani kwa kupitisha tu. Haijulikani mpaka foleni yote iwepo. Wala haiwezekani kuchukua thamani ya katikati ya kila mwezi kisha kutafuta ya katikati kati ya hizo 12. Jibu linaweza kutoka tofauti na lile la kweli.

Hapa ndipo ufundi unapoingia, na unaanzia kwenye upande wa kukata. Picha zimefika zikiwa zimegawanywa kwa tarehe, na mtu hushawishika kuzishughulikia kwa tarehe. Hesabu hii inataka tarehe zote 73 kwa pamoja, lakini kwa pikseli moja tu. Pikseli ya Nyarugusu haina haja yoyote na ile ya Kishapu, huko Shinyanga. Kwa hiyo kata kwa ardhi. Chukua mraba wa kilomita 10 kwa 10, pikseli 1,000 kwa 1,000. Rangi nne, tarehe 73, baiti mbili: megabaiti 584. Hata programu ikizigeuza kuwa namba za baiti nane, ni gigabaiti 2.3, na zinaingia kwenye kompyuta ya gigabaiti 8 bila kelele. Mikoa yote miwili inakuwa miraba 390. Kila mmoja ukichukua dakika mbili, kazi itamalizika kwa saa 13: inawashwa jioni, asubuhi ramani ipo. Umeme ukikatika usiku, miraba iliyokwisha kuandikwa kwenye diski haipotei, na kazi inaendelea pale ilipokwama. Faida hiyo peke yake, kwa anayefanya kazi mahali ambapo umeme si wa uhakika, ina thamani kubwa kuliko kasi.

Faili nalo lina upande wake. Kigae kimoja cha Sentinel-2, yaani kipande kimoja cha picha kama kinavyotolewa, kina pikseli 10,980 kwa upana na urefu. Kama kimehifadhiwa mstari kwa mstari, anayetaka mraba wenye upana wa pikseli 1,000 analazimika kusoma mistari mizima na kutupa sehemu kumi kati ya kumi na moja, halafu arudie kwa mraba unaofuata. Diski inasoma mara 11 zaidi ya inavyopaswa. Faili lililopangwa ndani kwa vyumba vidogo, tuseme pikseli 512 kwa 512, humpa msomaji vyumba anavyovihitaji na kumwacha aondoke. Kupanga upya mafaili kabla ya kuanza huonekana kupoteza siku nzima. Siku hiyo hurudi na riba.

Kisha kuna kingo. Dimbwi la kuoshea mawe linaweza kuangukia kwenye mpaka wa miraba miwili, likahesabiwa mara mbili kama madimbwi madogo au, baya zaidi, likaachwa na pande zote mbili kwa kuwa kila nusu ni ndogo mno. Dawa yake ni kuukata kila mraba ukiwa na pindo la ziada linaloingia kwa jirani, kufanya hesabu kwenye eneo lote pamoja na pindo, kisha kuandika matokeo ya ndani tu. Upana wa pindo hutegemea ukubwa wa kitu kinachotafutwa. Wanaoanza kazi hii hulisahau jambo hilo kuliko mengine yote, na ramani zao huwa na mistari iliyonyooka ambayo haimo katika nchi.

Wapo watakaouliza kwa nini kupima kila pikseli wakati sampuli ingetosha. Ni swali zuri, na jibu lake hubadilika kulingana na kinachotafutwa. Shinyanga ina mfano mzuri. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kukabiliana na ardhi iliyokuwa imebaki vipara, na mradi ukaegemea desturi ya Wasukuma ya ngitili: eneo linalofungwa wakati wa masika ili malisho yakue na kutunzwa hadi kiangazi. Ngitili zilizokuwa zimebaki wakati huo zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mkoa wa Shinyanga wa mipaka ya zamani, zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta. Setilaiti ya Landsat 5, iliyorushwa Machi 1984, ilikuwa angani muda wote huo, na ingawa hazina ya picha za Afrika Mashariki za miaka ile ina mapengo, tangu 2008 yote iliyopo hutolewa bure.

Anayetaka kujua sehemu ya ardhi iliyofunikwa na miti anaweza kuchagua pikseli 10,000 kwa bahati nasibu. Kama moja katika kila tano ina miti, jibu lake litakuwa na kosa la chini ya asilimia moja juu au chini, kwa data inayoingia hata kwenye simu. Kuchagua kwa haki kutoka kwenye mkondo ambao urefu wake haujulikani kuna algoritimu yake, ambayo Jeffrey Vitter aliifafanua vizuri mwaka 1985. Lakini anayetafuta machimbo mapya, yanayochukua labda pikseli moja katika kila 10,000, kwa sampuli hiyo hiyo atategemea kuona moja, au asione kabisa. Kitu adimu hakipatikani kwa sampuli. Na machimbo mapya ni adimu, madogo, na yana haraka: watu wamekwisha kushuka chini kabla ramani haijachorwa.

Ndani ya uzio wa migodi mikubwa data huja kutoka chini ya ardhi. Dhahabu ya Geita ilitambuliwa mwaka 1898, wakati wa Wajerumani. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kati ya mashimo ya kuchoronga kuna mwamba ambao hakuna aliyeuona, na kazi ya mjiolojia ni kuukisia. Chukua mashimo 500 yaliyochorongwa hadi mita 200, kila mita ikapelekwa maabara: ni sampuli 100,000, kila moja na gramu zake za dhahabu kwa tani. Huko Afrika Kusini, mhandisi Danie Krige alionyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1951 jinsi ya kukisia thamani ya sehemu isiyochorongwa kwa kuzipa sampuli uzito kulingana na umbali na jinsi zinavyofanana, na Mfaransa Georges Matheron akaijengea mbinu hiyo misingi ya kihisabati. Hesabu ikifanywa kwa ukamilifu, kila sampuli hulinganishwa na kila nyingine. Sampuli 100,000 zinazaa jedwali la namba bilioni 10, ambalo ni gigabaiti 80.

Hakuna mgodi unaolijenga jedwali hilo. Kwa kila sehemu inayokisiwa huchukuliwa majirani wa karibu, tuseme 30, na jedwali linakuwa la namba 900, baiti 7,200. Sampuli iliyo kilomita moja kutoka hapo ina machache ya kusema kuhusu mwamba huu, na ukaribu wa majirani 30 umekwisha kuinyamazisha. Ukataji huu una sababu ya kijiolojia, na ndiyo maana haupotoshi jibu.

Modeli inayotokana na makisio hayo ni jengo la matofali ya kufikirika. Eneo la kilomita mbili kwa mbili lenye kina cha mita 600, likigawanywa kwa matofali ya mita 5, lina matofali milioni 19.2. Kila tofali likibeba taarifa 20, kama vile gramu za dhahabu, aina ya mwamba na uzito wake, modeli ni gigabaiti 3. Mtu akitaka uangalifu zaidi na kupunguza tofali liwe la mita 2.5, haongezi mara mbili. Anaongeza mara nane: matofali milioni 153.6, gigabaiti 24.6. Uamuzi huo, unaoonekana mdogo kwenye skrini, unaweza kumaliza kompyuta ya ofisi.

Na kuna hesabu zinazogoma kukatwa. Umbo la shimo la wazi ni mojawapo. Kuchimba tofali lenye dhahabu kunalazimisha kwanza kuondoa yaliyo juu yake, na yaliyo kando ya hayo, kwa mteremko ambao kuta hazitaporomoka. Swali ni umbo lipi la shimo linaacha faida kubwa kuliko yote, na Helmut Lerchs na Ingo Grossmann walilitolea jibu la kihisabati mwaka 1965. Ukiikata modeli kwa miraba, koni ya mawe ya kuondolewa inavuka mipaka yote. Gharama inabaki mraba huu, dhahabu inabaki mraba ule, na majibu mawili yaliyo sahihi kila moja peke yake yanaungana kuwa shimo la hasara. Pindo halisaidii, kwa sababu tofali lililoko chini kabisa linagusa eneo pana sana juu. Wahandisi huunganisha matofali madogo kuwa makubwa, wakatafuta umbo la jumla, kisha wakarudi kwenye uchanganuzi mdogo katika kingo tu. Wanapunguza undani pale usipobadilisha uamuzi. Kabla ya kukata chochote, basi, ni lazima kujua ni nini kinategemea nini.

Kupanga orodha nako kulionekana zamani kugoma. Watanzania walihesabiwa kwa kufuata mahali walipolala usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, kwa vishikwambi badala ya karatasi, na Geita, yenye wachimbaji wanaohama kufuata mawe, ilikuwa na watu 2,977,608, kutoka 1,739,530 miaka kumi kabla. Tuseme mtu ana orodha yenye ukubwa wa ile ya nchi nzima, kila mtu baiti 500: karibu gigabaiti 31. Anataka kuipanga ili taarifa zilizojirudia ziangukie jirani na kuonekana. Mtu wa kwanza kialfabeti anaweza kuwa mwisho kabisa wa faili, kwa hiyo yaonekana lazima yote yawepo mezani.

Haihitajiki. Orodha inakatwa vipande vinane vya gigabaiti 4. Kila kipande kinaingia kwenye kumbukumbu, kinapangwa, kinaandikwa kwenye diski. Kisha vipande vyote vinane vinafunguliwa pamoja, na kompyuta inatazama jina la juu la kila kimoja tu. Inachukua lililo mbele kuliko mengine, inaliandika, na jina linalofuata la kipande hicho linapanda. Kwenye kumbukumbu kuna majina manane, na orodha ya mamilioni inatoka imenyooka. Kila taarifa imesomwa mara mbili na kuandikwa mara mbili. John von Neumann aliandika programu ya kuunganisha orodha kwa namna hiyo mwaka 1945, na kwa miaka mingi baadaye mashirika yaliitumia kwenye kanda za sumaku, maana kanda husomeka kwa mfuatano tu.

Inawezekana pia kuacha data ilipo na kutuma hesabu iifuate. Google walieleza njia yao mwaka 2004, katika makala ya Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat: kazi inagawiwa kwa maelfu ya kompyuta, kila moja ikishughulikia kipande kilicho kwenye diski yake, na matokeo madogo ndiyo yanayosafiri. Mwaka 2013 Matthew Hansen wa Chuo Kikuu cha Maryland na wenzake walichapisha ramani ya mabadiliko ya misitu duniani kote kutokana na picha 654,178 za Landsat. Kompyuta moja ingehitaji miaka 15. Kompyuta 10,000 zilimaliza kwa siku chache. Kwa aliyeko Geita na kifurushi cha intaneti cha kulipia, njia hii ni ukombozi: anaandika mistari kumi ya programu, seva za mbali zinapitia gigabaiti 228, naye anapakua ramani ya megabaiti chache.

Ni msaada wa kweli, na una bei yake. Mwenye seva anaweza kubadilisha masharti, kuweka ada, au kufunga mlango. Halmashauri inayojua tu kubofya kwenye seva ya mwingine haina la kufanya siku hiyo. Inayojua kwa nini thamani ya katikati hukatwa kwa ardhi na kwa nini kingo hupewa pindo inaweza kuifanya kazi hiyo hiyo kwenye kompyuta yake, polepole, usiku kucha. Vyuo vinavyofundisha taarifa za kijiografia nchini vingefanya vema kuwapa wanafunzi kompyuta ndogo makusudi na data kubwa makusudi, na kuwaacha wapambane nazo hadi watoke na jibu.

Novemba 7, 2022, ukuta wa bwawa la majitope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, na tope likatoka nje ya eneo la mgodi likafunika mashamba na makazi. Anayetaka kupima eneo lililofunikwa hahitaji mipito 73 wala kilomita za mraba 39,000. Orodha ya picha zilizopo huchujwa kwanza kwa mahali, kwa tarehe na kwa kiasi cha mawingu, na uchujaji huo husoma maelezo ya picha bila kuzigusa zenyewe. Zinachaguliwa mbili, moja ya kabla na moja ya baada. Katika kila moja unasomwa mraba wa kilomita 10 kwa 10, rangi nne. Yote ni megabaiti 16, pungufu ya video fupi inayotumwa kwa simu, na mtendaji wa kijiji angeweza kuletewa ramani hiyo siku ile ile picha ya pili ilipowekwa hadharani, akaishika mkononi wakati wa kuhesabiwa watakaolipwa fidia.